Kura 205 kwa 217: Siku Wabunge wa Marekani Waliposhika Shilingi ya NSA

Anayefuatilia vikao vya bajeti pale Dodoma anajua mbunge anaposema "nashika shilingi" anataka nini. Hela ya mtu haitaki. Anashika, kwa jina tu, mshahara wa waziri mpaka waziri ainuke atoe maelezo. Akiridhika anairudisha, asiporidhika hoja inapigiwa kura, na mara nyingi kura hiyo anashindwa. Jumatano ya tarehe 24 Julai 2013, mbunge wa miaka 33 kutoka jimbo la Michigan, Justin Amash, alifanya jambo la ukoo huohuo katika Baraza la Wawakilishi la Marekani. Shilingi aliyoishika yeye ilikuwa ya NSA, shirika la ujasusi la Marekani linalonasa mawasiliano ya dunia, ambalo hata kiasi cha bajeti yake kilikuwa siri siku ile.

Naye alishindwa, kura 205 kwa 217.

Nimekirudia kisa hiki mara kadhaa, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo taarifa za kawaida za bunge hulificha. Tumezoea kuhesabu kura kwa vyama: chama tawala huku, upinzani kule. Kura ya fedha za vyombo vya usalama haikatiki hivyo. Mstari wake unapita kati ya wabunge walioingizwa chumbani, wakaonyeshwa yale ya siri, na wale walioachwa kibarazani wakisoma magazeti kama sisi.

Kilichovuja

Tarehe 5 Juni 2013 gazeti la Guardian lilichapisha amri ya mahakama maalumu ya Marekani inayosimamia upelelezi, mahakama ambayo vikao vyake ni vya siri na upande wa serikali pekee ndio unaosikilizwa. Amri hiyo ya mwezi Aprili iliiagiza kampuni ya simu ya Verizon iikabidhi NSA, kila siku, kumbukumbu za miito yote ya wateja wake wa huduma za biashara: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa, na muda wa mazungumzo. Maneno yenyewe hayakuwemo. Baada ya siku nne aliyevujisha akajitokeza akiwa Hong Kong. Alikuwa Edward Snowden, mtumishi wa kampuni ya kandarasi iliyokuwa ikifanya kazi za NSA.

Msingi wa kisheria wa amri ile ulikuwa kifungu cha 215 cha sheria ya Patriot Act, iliyotiwa saini Oktoba 2001, wiki sita baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Kifungu kiliruhusu serikali kudai "vitu" vyenye uhusiano na uchunguzi wa ugaidi. Tangu mwaka 2006 mahakama ile ilikuwa imekubali tafsiri ya ajabu: kwamba kumbukumbu zote za simu za nchi nzima zina uhusiano na uchunguzi, kwa kuwa huwezi kujua mapema ipi itahitajika. Ni sawa na mvuvi anayekausha bahari ili ampate changu mmoja, kisha akakuapia kwamba samaki wengine hatawagusa.

Ahadi ya kutowagusa nayo ilikuwa na upana wake. Mchambuzi akianza na namba moja inayoshukiwa, aliruhusiwa kwenda hatua tatu: waliowasiliana na namba ile, kisha waliowasiliana na hao, kisha waliowasiliana na hao wengine. Chukua kwamba kila namba ina watu 40 tu. Hatua ya kwanza ni 40, ya pili 1,600, ya tatu 64,000. Kwa mshukiwa mmoja.

Halafu kuna jambo la Machi 2013 ambalo wabunge wengi hawakulisahau. Seneta Ron Wyden alimuuliza hadharani mkurugenzi wa ujasusi wa taifa, James Clapper, kama NSA inakusanya taarifa zozote za mamilioni ya Wamarekani. Clapper akajibu hapana, si kwa makusudi. Wyden, akiwa mjumbe wa kamati ya ujasusi ya Seneti, alikuwa analijua jibu la kweli lakini kiapo cha siri kilimfunga mdomo. Karibu miezi mitatu baadaye amri ya Verizon ikawa mezani kwa kila mtu.

Sentensi moja

Kwa nini Amash alipitia kwenye fedha badala ya kuleta muswada wa kukifuta kifungu cha 215? Muswada wa kawaida ungepelekwa kamatini, na huko ungekalia kabati mpaka mwaka uishe. Muswada wa matumizi ya ulinzi ni gari ambalo lazima liondoke kila mwaka, kwa hiyo mwenye mzigo hujitahidi kuupandisha humo. Ule wa mwaka wa fedha 2014, nambari H.R. 2397, ulibeba karibu dola bilioni 600, na fungu kubwa la bajeti za ujasusi hupita ndani ya muswada wa namna hiyo bila kutajwa. Maelezo yake yamo katika kiambatisho cha siri. Mbunge akitaka kukisoma huenda kwenye chumba kinacholindwa, na hatoki na karatasi.

Kanuni za Baraza zinakataza kutunga sheria mpya ndani ya muswada wa matumizi. Kinachoruhusiwa ni kuweka kizuizi: "hakuna fedha katika sheria hii itakayotumika kufanya jambo fulani." Ndiyo maana marekebisho ya Amash, aliyoyaleta pamoja na John Conyers, yalisomeka kwa namna ya kizungumkuti kidogo. Yalisema hakuna fedha itakayotumika kutekeleza amri ya mahakama ya siri chini ya kifungu kile, isipokuwa amri yenyewe iwe na sentensi inayobana ukusanyaji kwenye vitu vinavyomhusu mtu anayechunguzwa. NSA haikukatwa hata senti, na kifungu cha 215 hakikufutwa. Kilichodaiwa ni sentensi moja ndani ya amri.

Jozi yenyewe iliwashangaza wengi. Amash alikuwa Mrepublikani wa mrengo wa uhuru wa mtu binafsi, mtoto wa wahamiaji kutoka Palestina na Syria, aliyeingia bungeni mwaka 2011. Conyers alikuwa Mdemokrati wa Detroit, mzee wa miaka 84, mbunge tangu 1965. Walitoka jimbo moja la Michigan, na zaidi ya hapo hawakuwa na mengi ya kukubaliana.

Uongozi wa Warepublikani ungeweza kuyazuia marekebisho yale yasifike ukumbini kabisa. Lakini Spika John Boehner alihitaji kura za kupitisha utaratibu wa mjadala wenyewe, na kundi la Amash lilikuwa tayari kumkwamisha. Akakubali. Yakawekwa mwishoni mwa orodha, nambari 100.

Hapo ndipo kazi ya ufundi ilipoonekana. Nambari 99, mbele yake tu, yaliwekwa marekebisho ya Mike Pompeo wa Kansas, mjumbe wa kamati ya ujasusi. Yale yalikataza, pamoja na mengine, kutumia fedha kukusanya maneno ya mawasiliano ya Wamarekani kwa kifungu cha 215, jambo ambalo NSA ilishasema haifanyi. Kura zilikuwa 409 kwa 12. Mbunge aliyetaka kwenda nyumbani awaambie wapigakura kwamba amepiga kura ya kuibana NSA alikuwa ameshapata cha kusema kabla nambari 100 haijasomwa. Huo mtego naukubali kwa ustadi wake, ingawa siupendi. Nimeuona katika mabunge mengi: hoja ngumu huwekewa ndugu pacha mpole atangulie.

Siku moja kabla

Jumanne tarehe 23, mkurugenzi wa NSA, Jenerali Keith Alexander, alifika Capitol, jengo la bunge, akazungumza na wabunge kwa saa kadhaa, milango imefungwa. Jioni Ikulu ya Barack Obama ikatoa tamko la kuyapinga marekebisho, ikisema njia hiyo butu haikutokana na mashauriano ya wazi na ya kina. Waliosoma walicheka kwa uchungu. Mpango uliofichwa umma kwa miaka saba ulikuwa sasa unadai mashauriano ya wazi.

Ndani ya vyama, kila upande ulimwona jirani wa ajabu. Obama, Mdemokrati, alisimama bega kwa bega na Boehner aliyekuwa akigombana naye juu ya karibu kila jambo lingine. Nancy Pelosi, kiongozi wa Wademokrati na mjumbe wa zamani wa kamati ya ujasusi, aliwatafuta wabunge wake mmoja mmoja. Waliofuatilia hesabu za siku ile wanasema bila yeye NSA ingeangushwa, na namba, tutakavyoziona, hazipingi.

Dakika 15

Mjadala ulipewa dakika 15 tu, nusu kwa kila upande, kwa jambo linalogusa simu ya kila mkazi wa nchi. Wasemaji waligawiwa nusu dakika, dakika moja; mtu akivuta pumzi vizuri muda umekwisha.

Amash alifungua kwa kusema wamekuja kuitetea ibara ya nne ya nyongeza ya Katiba, ile inayokataza upekuzi bila sababu mahususi. Kisha akainuka mtu ambaye kwangu ndiye shahidi mzito kuliko wote: Jim Sensenbrenner wa Wisconsin, aliyeileta Patriot Act yenyewe bungeni mwaka 2001. Alisema wazi kwamba sheria haikukusudiwa kutumika hivyo na wakati wa kukomesha umefika. Fundi aliyejenga nyumba akikwambia mlango ule hakuuweka yeye, kuna haja ya kumsikiliza.

Akapewa nusu dakika pia mbunge mpya wa Hawaii, Tulsi Gabbard, Mdemokrati wakati ule na mwanajeshi aliyewahi kutumwa Iraq. Alisema dhamiri haimruhusu kuchukua hata dola moja ya mlipakodi kulipia mipango inayovunja uhuru uleule ambao wanajeshi wamekufa wakiulinda. Mkumbuke, tutarudi kwake.

Upande wa pili aliongoza Mike Rogers, mwenyekiti wa kamati ya ujasusi, naye hakuficha hasira. Aliuliza kama wabunge wamekuwa wadogo kiasi cha kuangalia idadi ya wanaowapenda kwenye Facebook badala ya maisha wanayoweza kuokoa. Tom Cotton wa Arkansas, naye askari wa zamani wa Iraq na Afghanistan, alisema marekebisho hayaupunguzi mpango wala kuurekebisha, yanaulipua. Michele Bachmann, kipenzi cha vuguvugu la Tea Party lililopaswa kuichukia serikali kubwa, aliitetea NSA. Alikuwa mjumbe wa kamati ya ujasusi. Chumbani tena.

Hoja kubwa ya watetezi, ndani na nje ya ukumbi, ilikuwa ya Septemba 11, na inatugusa huku kwetu kuliko wengi wanavyojua. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, siku ileile Dar es Salaam nayo ikilipuliwa, na watu 224 wakafa katika miji yote miwili, wapelelezi walifuata simu zilizopigwa kutoka Nairobi na mmoja wa washambuliaji aliyeponea. Zikawafikisha kwenye namba ya nyumba moja nchini Yemen iliyokuwa kituo cha mawasiliano cha al-Qaida. NSA ilikuwa ikiitega namba hiyo. Mwaka 2000 mmoja wa watu watakaoteka ndege alikuwa akiipigia akiwa San Diego, lakini, kwa maelezo ya maofisa, NSA haikutambua kwamba mpigaji yuko ndani ya Marekani. Mkurugenzi wa FBI, Robert Mueller, aliwaambia wabunge mwezi Juni 2013 kwamba kama kumbukumbu zote zingekuwepo ghalani, wangemwona.

Inasikika kama hoja isiyojibika mpaka uitazame mara ya pili. Namba ya Yemen ilikuwa inajulikana. Aliyetaka kujua nani wa Marekani anaipigia angeweza kupata amri kwa namba hiyo moja, na hicho hasa ndicho sentensi ya Amash iliruhusu. Tena CIA ilikuwa inamjua mtu yule na kujua ana viza ya Marekani, ila FBI haikuambiwa kwa wakati. Tume ya uchunguzi ya Septemba 11 iliyaeleza hayo kwa urefu. Taarifa zilikuwepo, zilikaa kwenye meza tofauti. Kisa kilichoanzia barabara ya Haile Selassie, Nairobi, kilitumika kuhalalisha ghala ambalo hakikulihitaji.

Namba

Warepublikani 94 walisema ndiyo, 134 hapana. Wademokrati 111 walisema ndiyo, 83 hapana. Hawakupiga kura 12.

Hebu tuzipekue. Wengi wa Wademokrati walimkataa rais wao, na kinyume chake, rais aliokolewa na Warepublikani. Tofauti ni kura 12, yaani watu sita wangehama ingekuwa 211 kwa 211, na sare kwa kanuni zao ni kushindwa. Saba wangehama, marekebisho yangepita. Saba tu, kati ya Wademokrati 83 waliosema hapana baada ya Pelosi kupita.

Sasa tazama majina. Boehner alisema hapana, na Spika kwa desturi mara nyingi hapigi kura kabisa. Hapana kutoka kwa kiongozi wa wengi Eric Cantor na mnadhimu wake Kevin McCarthy. Hapana kutoka kwa Pelosi na msaidizi wake Steny Hoyer. Hapana kutoka kwa Rogers na kwa mkuu wa Wademokrati katika kamati yake ya ujasusi, Dutch Ruppersberger wa Maryland, ambaye jimbo lake ndilo lenye Fort Meade, makao makuu ya NSA. Ndiyo nyingi zilitoka viti vya nyuma vya pande zote mbili, na Wademokrati wa kushoto kabisa wakajikuta wamekaa benchi moja na Warepublikani wa kulia kabisa.

Siku chache baadaye jarida la Wired lilitoa hesabu za shirika la MapLight linalofuatilia michango ya kampeni: waliosema hapana walikuwa wamepokea wastani wa dola 41,635 kutoka kampuni za ulinzi na ujasusi, waliosema ndiyo dola 18,765. Wengi wakasema basi, wamenunuliwa. Mimi sifiki huko. Kampuni hizo huwapa zaidi wenyeviti, viongozi, na wabunge wenye kambi na viwanda majimboni mwao, na hao ndio ambao wangesema hapana hata bila hundi. Hela huifuata kura kama vile kura inavyoifuata hela, na siku moja ya kupiga kura haiwezi kukuonyesha ipi ilitangulia.

Kinachonishawishi zaidi ni habari nyingine, iliyotoka Agosti. Mwaka 2011, kabla kifungu cha 215 hakijaongezewa muda, serikali ilikuwa imepeleka kwenye kamati za ujasusi barua ya siri inayoueleza mpango ule wa simu, ili wabunge wote wapate nafasi ya kuisoma. Katika Seneti ilitangazwa kwa maseneta. Kamati ya Baraza la Wawakilishi haikuwatangazia wabunge wake. Walioingia bungeni kwa uchaguzi wa 2010, Amash akiwemo, walipiga kura Mei 2011 juu ya kifungu ambacho matumizi yake hawakuambiwa, na kikapita kwa 250 dhidi ya 153. Mbunge aliyegundua kwa kusoma gazeti kwamba aliwahi kupigishwa kura gizani ana sababu ya kushika shilingi ambayo haihitaji itikadi yoyote.

Na aliyekuwa chumbani ana sababu yake pia. Ameonyeshwa slaidi, amekula kiapo, amepewa hesabu ya mashambulizi yaliyozimwa, na zaidi ya yote ameidhinisha. Kusema ndiyo kwa Amash kungekuwa kukiri kwamba usimamizi wake mwenyewe wa miaka saba ulilala.

Baada ya kura

Usiku uleule muswada mzima ulipita kwa kura 315 dhidi ya 109. Hata ukichukulia kwamba wapinzani wote 109 walitoka katika wale 205, makumi ya wabunge waliotaka kuibana NSA saa chache kabla waliipa fedha zake zote. Kwa anayetoka kwetu hilo halishangazi. Shilingi hushikwa, kisha hurudishwa. Tofauti ni ujasiri wa kushika. Katiba ya Tanzania, ibara ya 90, inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya serikali, kwa hiyo mbunge wa chama tawala anajua anachezea kiti chake. Kule serikali haianguki kwa marekebisho yaliyopita, na muhula wa mbunge uko palepale. Chama kinaweza kugawanyika katikati na kesho yake kila mtu akaamkia ofisini kwake.

Hata yangepita, yangekwama. Seneti haikuupitisha muswada ule, serikali ikafungwa siku 16 mwezi Oktoba kwa ugomvi mwingine kabisa, na fedha zikaja kupatikana katika sheria moja kubwa iliyotiwa saini tarehe 17 Januari 2014. Siku hiyohiyo Obama alihutubia taifa akatangaza kwamba hatua tatu zitakuwa mbili, na kwamba NSA itahitaji idhini ya mahakama kabla ya kuitafuta namba ghalani. Rais aliyeyaita marekebisho butu alikuwa sasa anayachonga mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha kwa sheria. Alilazimishwa na 205, kwa kuwa kifungu cha 215 kilikuwa kinakwisha muda wake 2015 na kila mtu alishajua kura zilipo.

Mwezi Agosti 2013 Washington Post nayo ilikuwa imechapisha, kutoka nyaraka za Snowden, bajeti ya siri yenyewe: dola bilioni 52.6 kwa ujasusi wa taifa, kati yake NSA ikipata bilioni 10.8. Wabunge walijadili mwezi Julai shilingi ambayo wapigakura wao hawakujua ni ngapi.

Na yale mashambulizi 54 ambayo NSA ilidai yamezimwa? Mbele ya Seneti, Oktoba 2013, Alexander alikubali kwamba 13 tu ndiyo yaliyohusu ardhi ya Marekani, na kwamba kumbukumbu za simu zilikuwa na kazi ya pekee katika moja, pengine mawili. Januari 2014 bodi huru ya kusimamia faragha ikapekua ikabakiwa na kisa kimoja: dereva wa teksi wa San Diego, mwenye asili ya Somalia, aliyetiwa hatiani pamoja na wenzake kwa kutuma dola 8,500 kwa al-Shabaab. Bodi ikaongeza kwamba hata huyo hakuwa akipanga shambulio lolote ndani ya Marekani. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ilisema ukusanyaji ule ulivunja sheria, lakini hatia yake ikaiacha ilivyo.

Mwezi Mei 2015 mahakama ya rufaa ya New York ilikuwa imeshatamka kwamba kifungu cha 215 hakikuwahi kuruhusu ukusanyaji wa namna hiyo. Baraza likapitisha USA Freedom Act kwa 338 dhidi ya 88, Seneti ikafuata kwa 67 dhidi ya 32 tarehe 2 Juni. Ghala likafungwa, kumbukumbu zikabaki kwa kampuni za simu, na serikali ikatakiwa kuomba kwa jina mahususi. Ukiisoma vizuri, ni ile sentensi ya Amash imevaa suti.

Hapo mtu angedhani Baraza lilikuwa limegeuka. Hapana. Tazama marekebisho mengine ya fedha yaliyoletwa na Thomas Massie na Zoe Lofgren, kuzuia upekuzi usio na kibali katika mawasiliano ya Wamarekani yanayonaswa chini ya kifungu cha 702, kile cha kuwapeleleza wageni walio nje. Juni 2014 yalipita kwa 293 dhidi ya 123, yakachomolewa kimyakimya katika maridhiano ya mwisho wa mwaka. Juni 2015 yakapita tena, 255 dhidi ya 174. Juni 2016, siku nne baada ya mauaji katika klabu ya Pulse mjini Orlando, yaliangushwa kwa 198 dhidi ya 222. Hoja ni ileile, na wengi wa wapigakura ni walewale. Kilichobadilika ni umbali kati ya kura na mazishi.

Aprili 2024 swali la kibali lilirudi ukumbini, safari hii ndani ya sheria ya kuongeza muda wa kifungu cha 702 chenyewe. Kura zilikuwa 212 kwa 212. Sare, kwa hiyo yameshindwa. Miongoni mwa waliosema hapana alikuwemo Spika Mike Johnson, ambaye kabla ya kukalia kiti hicho alikuwa upande wa kudai kibali. Alieleza kwamba baada ya kuwa Spika alipewa maelezo ya siri.

Tulsi Gabbard naye alifika chumbani. Januari 2025, akiwa ameteuliwa kuwa mkurugenzi wa ujasusi wa taifa, alitangaza kwamba sasa anakiunga mkono kifungu cha 702, ambacho miaka minne nyuma alikuwa ameleta muswada wa kukifuta. Tarehe 30 mwezi huo alikaa mbele ya kamati ya ujasusi ya Seneti. Maseneta walimuuliza mara kwa mara kama Snowden ni msaliti, naye kila mara akajibu kwamba alivunja sheria, bila kulitamka neno lenyewe. Aliyekuwa kwenye kiti cha mwenyekiti ni Tom Cotton. Seneti ikamthibitisha tarehe 12 Februari kwa kura 52 dhidi ya 48, akakabidhiwa bajeti yote.